Msumari wa Kitinda

Hakuna aliyewahi kuja katika mji ule kwa ajili ya mji wenyewe. Watu walikuja kwa ajili ya vilima vya mchanga na majabali mekundu yaliyoko mbele huko, mwendo wa nusu siku kwa gari. Mji ulikuwa mahali pa kulala, kujaza mafuta, kuziba pancha na kuuliza kama choo kiko ndani. Lami yenyewe ilifika pale ikachoka. Ilipita kituo cha mafuta chenye pampu moja, ikapita duka, zahanati na gereji, na ilipofika kwenye lango la nyumba ya wageni ikaisha. Mbele ya hapo palikuwa na changarawe, na baada ya changarawe kila dereva na Mungu wake.

Mwenye nyumba hiyo ya wageni alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha na miguu iliyovimba kila jioni. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Mji mzima ulimwita Mama Madumu, na aliyetaka kujua sababu hakuhitaji kuuliza, aliingia tu uani akajionea. Ukuta unaotazamana na jiko ulikuwa umepigiliwa misumari minene, na kwenye kila msumari lilining'inia dumu la manjano lililofungwa kitambaa kwenye mkono wake: chekundu, buluu, cheupe, kijani. Wageni waliupenda sana ukuta huo. Walisimama mbele yake wakapigana picha, wakasema ni sanaa. Mama Madumu aliwaacha waseme. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wahenga, ingawa wahenga hao hawakuwahi kufua mashuka ya wageni waliotoka kubingirika mchangani.

Lakini haikuwa sanaa. Kila dereva aliyeifanya nyumba ile kituo chake alikuwa na msumari wake na rangi yake. Asubuhi alitungua dumu, akalijaza kwenye tangi, akalipakia garini juu ya maji yake mengine, akaondoka. Akirudi, anamwaga maji yaliyobaki kwenye miche, kisha analitundika mahali pake. Jua likikaribia kuzama, Mama Madumu alitoka jikoni akifuta mikono na kuutazama ukuta. Ukiwa umejaa, alirudi kwenye masufuria yake. Ukiwa na msumari mtupu, alivuka barabara kwenda gereji na kumwambia Fundi awashe lori. Hapakuwa na kujadiliana, wala kungoja kidogo, wala labda amepitia mahali. Kule mbele simu hazishiki, mtandao unaishia kwenye kilima cha mawe, kwa hiyo msumari mtupu ndio ulikuwa simu yao. Mara nyingi walimkuta dereva amekwama tu, ameketi kivulini akipiga mluzi, wakamcheka hadi nyumbani. Mama Madumu alisema afadhali kicheko cha bure kuliko kilio cha haki.

Na sharti lilikuwa moja. Dumu hutundikwa na mkono uliolitungua. Hata kama dereva amerudi hoi na dumu limebaki getini, hakuna wa kumsaidia. Mkono mwingine usiguse.

Aliyeweka sharti hilo alikuwa mume wake. Enzi za ujana wake walimwita Dira, kwa sababu hakuwahi kupotea, na aliliweka baada ya mwenzake mmoja kubaki jangwani huku mji mzima ukidhani amelala chumbani kwake. Dira aliendesha kule mpaka mvi zikamjaa kichwani. Kisha akaanza kupotea. Alianza kwa kusahau miwani, na sisi sote tunasahau miwani. Akaja akasahau majina, akasahau kama amekula, na mwisho akawa anapotea kati ya chumba cha kulala na jiko, anasimama ukumbini ameshika ukuta, anasubiri mtu apite ili amfuate. Mwanamume ambaye alikuwa akisoma njia kwenye mchanga usio na alama.

Mchana aliketi kwenye benchi la uani. Wageni walimpenda. Aliwasimulia jinsi alivyowahi kuendesha siku nzima kwa gia ya pili, na kwa kuwa wageni walilala usiku mmoja na kuondoka, waliisikia hadithi hiyo mara moja tu. Mkewe ndiye aliyeisikia kila siku, akiwa anakatakata vitunguu, na kila siku alicheka pale pa kucheka.

Walijaliwa watoto wawili. Binti mkubwa aliolewa mbali, mji mkubwa, akawa mtu wa kupiga simu Jumapili. Wa pili alikuwa kitindamimba, na jina la Kitinda likamganda hadi akaota ndevu. Yeye ndiye aliyerithi gari la baba yake na kitambaa cha kijani. Watu husema mama hana upendeleo. Mama Madumu alikuwa nao, tena waziwazi. Kitinda alikula amesimama, akichota kwenye sufuria kwa mkono, na mama yake akawa anampiga kwa mwiko huku akimsogezea sufuria karibu. Kwa vile vyumba vyote vya nyumba vilikuwa vya wageni, kijana alipanga chumba nyuma ya kituo cha mafuta, na gari lake alililaza ndani ya ua wa gereji, nyuma ya ukuta mrefu. Akirudi amechoka sana, alitundika dumu lake, akaenda moja kwa moja kulala bila hata kumsalimu mama yake. Yalikuwa mazoea. Kama si mazoea hayo, pengine mambo yangekwenda vingine.

Asubuhi ile ilikuwa ya upepo. Kundi la wageni lilikuwa limeacha mahema chini ya majabali, kwa sababu gari lilijaa, na Kitinda alikuwa anakwenda kuyachukua ili arudi kabla ya jioni. Mama Madumu alimkuta kwenye tangi akijaza dumu.

"Unakwenda peke yako?"

"Nakwenda kukunja mahema, mama. Siendi kuoa."

"Maji?"

"Haya hapa. Na mengine garini. Au unataka nilibebe na tangi?"

Akamchapa begani kwa kitambaa cha vyombo. Kitinda akacheka, akamwamkia baba yake kwenye benchi, akatoka. Hivyo ndivyo kuagana kwao kulivyokuwa, na Mama Madumu baadaye alikitafuta ndani ya maneno hayo kitu chochote cha kushika, asikipate.

Mchana likaingia kundi jipya, magari mawili yaliyojaa watu waliochoka. Huyu anataka maji ya moto, yule hali vitunguu, mwingine anauliza kama godoro ni gumu au laini, na kila mmoja anataka chaji ya simu. Alikuwemo mama mmoja mwenye kofia pana, mpole, ambaye hakutaka chochote isipokuwa kupiga picha. Alipiga mlango, akapiga kuku, akapiga ukuta wa madumu. Mama Madumu alipita mbele yake mara kadhaa na mashuka mikononi bila kumtazama.

Jua lilipoinama alitoka jikoni, akafuta mikono, akautazama ukuta. Chekundu, buluu, cheupe, kijani. Ukuta umejaa. Mwanangu karudi, alijiambia, kaenda kulala. Akamfunikia sahani ya chakula, akarudi kwenye masufuria.

Kesho yake sahani ilikuwa bado imefunikwa. Hakushtuka, aliudhika kidogo. Kundi lilikuwa tayari limefunga mizigo, na Kitinda ndiye aliyekuwa awapeleke. Akamtuma mtu kugonga mlango wa chumba chake. Mlango umefungwa, hajibu. Amelala fofofo, wakasema, mwacheni kijana. Mpaka jua likawa la utosi, ndipo Fundi alipovuka barabara akiwa na mafuta ya gari hadi viwikoni.

"Mama, Kitinda kalaza wapi gari jana? Uani kwangu halipo."

Mama Madumu aliutazama ukuta. Dumu lenye kitambaa cha kijani lilikuwa palepale. Alilitazama kwa muda, halafu akakaa chini kwenye kizingiti, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi mchana.

Lori lilitoka saa ileile, na madereva wengine wakafuata. Upepo wa usiku ulikuwa umefuta alama zote za magurudumu. Nyumbani watu walibaki wakiulizana jambo moja: nani kalitundika? Kila aliyeulizwa aliapa. Mama Madumu alilitungua dumu, akaligeuza. Lilikuwa dumu la akiba kutoka stoo, na kitambaa kilichanwa kwenye shuka lilelile la kijani ambalo yeye mwenyewe alilichana zamani kupata vitambaa. Shuka hilo lilikaa kwenye sanduku la chumbani kwake.

Yule mama mwenye kofia pana alimfuata jikoni. Safari yao ilikuwa imevunjika, lakini hakuwa na lawama. Alitaka tu kumfariji.

"Nilimpiga mzee picha jana mchana," alisema. "Nilifikiri ungependa kuiona. Ana uso mzuri sana."

Akampa simu. Kwenye picha alikuwa Dira, amenyoosha mikono juu, analitundika dumu kwenye msumari mtupu. Alikuwa anatabasamu kwa utulivu wa mtu aliyeona kitu hakiko sawa akakiweka sawa. Maisha yake yote msumari mtupu ulimnyima raha. Kwa nini ulimnyima raha, hilo ndilo lililokuwa limemtoka kichwani.

"Nifutie," Mama Madumu alisema.

"Lakini ni picha nzuri."

"Nifutie, mama. Nakuomba."

Mgeni akafuta. Hakuelewa, na hakuuliza. Hivyo ndivyo siri ile ilivyobaki na mtu mmoja.

Lori lilirudi siku iliyofuata, polepole, na kwa mwendo huo tu kila mtu barabarani akajua. Fundi alisimulia kwa maneno machache. Ekseli ilikuwa imevunjika kwenye bonde, mbali kidogo na njia, na madumu ya maji garini yalikuwa yamepasuka. Kitinda hakuwa ametoka pale. Alikuwa ametandaza hema kubwa jeupe juu ya mwinuko na kulibana kwa mawe ili lionekane kwa mbali, akarudi chini ya gari akangoja, kama baba yake alivyomfundisha: usiliache gari, watauona msumari, watakuja. Dumu lake la kijani lilikuwa pembeni yake, halina hata tone.

"Tungetoka jioni ile," mmoja wa madereva alisema, "tungemkuta anapiga mluzi."

Fundi alimkata jicho anyamaze, lakini neno likishatoka limetoka. Ua ulijaa watu. Dira alikuwa kwenye benchi lake, anatazama lori, anajaribu kuelewa kwa nini watu wamevua kofia. Fundi akauliza kwa sauti, na hasira ilikuwa ya haki, maana yeye ndiye aliyembeba.

"Nataka kujua. Nani alitundika lile dumu?"

Na Mama Madumu akajibu, "Mimi."

Fundi alimgeukia.

"Nilidhani amesahau kulitundika. Nikalitundika mimi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu mzazi akachukua na lawama akajitwika juu ya uchungu. Hakufikiri sana. Alichojua ni kwamba mzee yule akiambiwa, hata kama angeelewa kwa dakika tano tu, dakika tano hizo zingekuwa moto usio na mfano, na yeye hakuwa tayari kumwona mtu wake akiungua. Binti alikuja mazikoni, akasikia habari hiyo kwa watu kabla ya kuisikia kwa mama yake. Aliondoka bila kuaga. Jumapili zikawa kimya.

Watu walikuja kumpa pole wakamwambia ajali haina kinga. Alizichukia pole hizo. Kinga ilikuwepo, ilipigiliwa ukutani.

Nisiseme uongo, alimchukia na mumewe pia. Kuna asubuhi alimfunga vifungo vya shati akatamani kumshika mabega amtikise mpaka kumbukumbu idondoke. Kuna siku alimwogesha kwa maji yaliyopoa kwa makusudi, kisha akajuta, akaenda kuchemsha mengine. Mzee alimshukuru kwa yote mawili. Mtu asiyekumbuka kosa lake hawezi kuombwa wala kusamehewa, na Mama Madumu alibaki na hasira isiyo na mlango wa kutokea.

Mwanzoni alimwambia ukweli, nusu yake. Kitinda amefariki, baba watoto. Dira alilia kama wanavyolia wanaume wasio na mazoea, kwa sauti ya ajabu, na kesho yake akauliza mbona kuna viatu vingi mlangoni. Akaambiwa tena, akalia tena, upya kabisa. Siku ya tatu Mama Madumu alishindwa. Mzee alipouliza, "Wote wamerudi?" yeye alitazama ukuta. Lile dumu la akiba alikuwa amelirudisha msumarini siku aliyokuwa hajui la kufanya nalo, na lilikuwa limekaa hapo na kitambaa chake.

"Wote," alisema. "Si unaona?"

Dira akaona. Akapumua, akaingia ndani kula.

Ikawa hivyo kila jioni. Dumu la kweli, lile lililotoka jangwani, lilikaa chini ya kitanda chake likiwa na mchanga ndani. La uongo lilining'inia mbele ya macho ya watu, likapigwa picha na wageni wapya, maana wageni hawakuacha kuja. Majabali hayana msiba. Mama Madumu aliwapikia, akawatandikia, akawajibu kuhusu magodoro, na kila mmoja aliondoka akisema wenyeji ni wakarimu ila mama mwenye nyumba ni mkavu kidogo.

Jioni moja wageni walikuwa hawapo, na upepo ulikuwa umelala. Mama Madumu alitoka jikoni akamkuta mumewe amesimama ukutani. Alikuwa amelitungua dumu la kijani na kulipakata. Alikuwa analipapasa chini, kitakoni, kwa kidole gumba, polepole, na macho yake yalikuwa makali kama ya zamani. Mama Madumu alikuwa ameyatamani macho hayo, na sasa yalipokuja aliyaogopa.

"Hili halijawahi kupanda gari," Dira alisema. "Halina hata mkwaruzo. Hili limetoka stoo."

Mama Madumu alinyoosha mkono alichukue.

"Dumu la mtoto liko wapi?"

"Ingia ndani, baba watoto. Chakula tayari."

"Nakuuliza. Nani kalitundika hili?"

Hapo ndipo lilipokuwa. Neno moja lingetosha. Alikuwa na haki nalo, alilibeba miezi yote ile, lilikuwa limemlia usingizi na limemlia binti yake. Wewe. Na mzee leo angeelewa. Leo, pengine kwa mara ya mwisho, palikuwa na mtu ndani ya macho yale wa kumlilia pamoja naye, wa kumwambia angalia tulichofanyiwa, angalia ulichonifanyia.

"Mimi," alisema.

"Wewe?"

"Mimi."

Dira alimtazama kwa mshangao mkubwa, kisha kwa hasira ambayo hakuwahi kumwonyesha tangu waoane.

"Mama watoto, hili si pambo. Msumari mtupu ndiyo sauti ya mtu aliyeko huko. Ukiuziba, umemziba mdomo. Anaita na hakuna anayesikia. Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna."

"Ungekuwa dereva wangu ningekufukuza leo hii."

"Ungenifukuza."

"Mtu anaweza kufa kwa mkono kama huo."

"Najua," alisema Mama Madumu. "Nisamehe."

"Usiniombe mimi msamaha. Utamwomba yeye akirudi." Alikuwa ameshachukua fimbo yake. "Yuko nje tangu lini?"

Hakungoja jibu. Alivuka barabara bila kuongozwa, kwa hatua za mtu mwenye kazi, na mkewe akamfuata kwa miguu yake iliyovimba. Fundi alikuwa chini ya gari, miguu ikitokeza.

"Fundi, washa lori. Kitinda yuko nje."

Miguu ilitulia. Kisha Fundi akatoka taratibu, akaketi kwenye vumbi, akamtazama mzee. Halafu akamtazama Mama Madumu, aliyesimama nyuma akitweta. Mama Madumu akatikisa kichwa kukubali.

"Sawa, mzee," Fundi akasema. "Panda."

Walikaa watatu mbele, mzee katikati. Lori lilitoka lami ikaisha, likaingia changarawe. Dira aliketi wima, fimbo kati ya magoti, akielekeza kwa kidole: kushoto hapa, pana mchanga laini, shika ukingo, hapo punguza. Hakukosea hata mahali pamoja. Fundi alitii kila neno. Jua lilikuwa chini na kila jiwe lilikuwa na kivuli kirefu, na Mama Madumu alijikuta anatazama huku na huko, anakitafuta kitu cheupe kilichotandazwa juu ya mwinuko. Alijua hakipo, alitafuta tu.

Karibu na kilima cha mawe kidole cha mzee kilishuka. Fundi alipunguza mwendo, akasubiri kuelekezwa, na maelekezo hayakuja.

"Tunakwenda wapi?" Dira aliuliza.

Fundi akazima injini.

"Tumetoka kupunga upepo," Mama Madumu akasema.

"Upepo?" Mzee alichungulia nje. "Huku kote ni upepo. Nani anaufuata na lori?"

Akacheka mwenyewe. Fundi alijifanya anacheka, kisha akageuza uso dirishani. Wakarudi.

Walipofika, mzee akapelekwa ndani kula. Fundi alibaki uani, ameshika funguo, anautazama msumari mtupu na dumu lililolala chini.

"Mama. Hukulitundika wewe."

"Nililitundika."

"Miaka yote hii nakujua. Mkono wako ungekatika kwanza."

"Fundi," alisema, bila ukali, "nililitundika mimi. Hivyo ndivyo ilivyo na ndivyo itakavyokaa."

Fundi alivua kofia yake yenye grisi, akaivaa tena. Akaenda zake.

Asubuhi Mama Madumu alichukua kisu cha jikoni, akalikata dumu la uongo katikati, akapata beseni la kumwagia maganda. Kitambaa cha kijani akakitia motoni. La kweli hakulitoa chini ya kitanda. Mkono uliolitungua ndio wa kulitundika, na mkono huo haupo, basi. Ukuta ukabaki na pengo. Dereva mmoja alipouliza kama msumari ule unaweza kuwa wake sasa, alimjibu kwa jicho, na hakuuliza tena.

Jioni alitoka akifuta mikono. Dira alikuwa ameketi kwenye benchi, na wageni wawili waliofika mchana walikuwa wanavua viatu barazani, wakikung'uta mchanga. Mzee alipepesa macho ukutani, rangi moja baada ya nyingine, akafika kwenye pengo, akasimama hapo.

"Mama watoto. Mmoja hajarudi."

Alikuwa ameiogopa saa hii mchana kutwa. Akaenda akaketi kando yake, benchi likalia.

"Ndiyo," alisema. "Hajarudi."

"Wameshatoka kumtafuta?"

"Wameshatoka. Fundi mwenyewe alikwenda."

Dira alifikiri. Akaweka fimbo chini, akaushika mkono wa mkewe uliokuwa bado umelowa maji ya vyombo.

"Basi tumsubiri," alisema.